Kiti cha Mgeni katika Chumba cha Rekodi

Neema na wenzako, siku ile ya kuniaga mliniomba niwaandikie habari za kazi yetu ilivyokuwa zamani, wengine wenu hamjazaliwa na wengine mkinyonya. Haya, nimeandika. Anayetafuta humu vyeo nilivyopanda na mshahara niliopata atachoka bure. Ngazi ya vyeo ilikuwa fupi, na mshahara ulitosha kununua mchele na kusema alhamdulillahi. Nitakalowaeleza zaidi ni la kiti.

Niliingia katika hospitali ile mwanzoni mwa miaka ya tisini, msichana wa Kibokoni niliyejua mambo mawili: kupiga taipu na kujibu wakubwa. La kwanza ndilo lililonipatia kazi, la pili nusura liniondoe. Hospitali ilikuwa ndogo, ya binafsi, si mbali na Ngome ya Yesu, na chumba cha mafaili kilikuwa nyuma ya famasi. Mwenye chumba alikuwa Mzee Karisa, Mgiriama wa Kaloleni, mrefu, mkavu, miwani yake imefungwa uzi sikio moja. Rafu zilifika darini, naye alizipanda kwa ngazi kama mgema anavyoupanda mnazi, akashuka na faili lile lile ulilolitaka.

Siku ya kwanza nilidhani atanionyesha rafu. Akanionyesha dirisha dogo la kuhudumia watu.

"Hapa watakuja watu," akasema. "Watakuuliza fulani anaumwa nini. Utawajibu vipi?"

"Nitawaambia sijui."

"Uongo huo. Faili unalo mkononi, na macho yako yanasema kuliko mdomo."

"Basi nitawaambia siruhusiwi kusema."

"Hilo baya zaidi. Kesho mwenye mafua utamsema, kwa kuwa mafua hayana neno. Keshokutwa ukikataa kusema la mwenziwe, mtu ataondoka hapa akijua kwamba mwenziwe ana makubwa."

"Sasa niseme nini, Mzee?"

"Sema: hapa hapana wagonjwa, pana makaratasi tu. Uwaambie wote. Wa mafua mwambie, wa donda ndugu mwambie, kwa sauti ile ile."

Asubuhi nzima alinifanyisha mazoezi ya sauti. Yeye alisimama nje ya dirisha akijifanya mama mkwe, mara jirani, mara mwajiri, akibana pua na kujitanda leso ya kuazima, nami nikirudia neno lile moja. Kila nilipocheka tulianza upya. Wagonjwa waliokuwa wakipita walidhani mzee ameshikwa na homa ya malaria.

Kwa miaka michache mambo yalikwenda hivyo, mpaka kompyuta zikaja.

Aliyezileta ni mwenye hospitali, Daktari Hatim, Mbohora aliyezaliwa Ndia Kuu, mwenye haraka ya kila kitu isipokuwa chakula. Fundi alitoka Nairobi na masanduku. Akatufungia mashine zenye kioo cheusi na herufi za kijani, akatufundisha kuingiza jina la mgonjwa, umri, maradhi na dawa. Disketi alitukataza kuzishika kwa mikono yenye mafuta, akasahau kwamba yuko Mombasa na saa nne ni wakati wa viazi karai. Halafu akasema mashine hazistahimili joto, kwa hivyo chumba lazima kifungwe kiyoyozi.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia, na wala si kwenye mashine.

Kiyoyozi kingine hospitali nzima kilikuwa katika ofisi ya Daktari, na kule hakuingii mtu ila ameitwa. Sasa fikirini Februari ya Mombasa, jasho linakutoka hata umekaa, na nyuma ya famasi kuna chumba chenye baridi kama Limuru. Watu walikuja. Wauguzi walikuja kunywa chai. Mpishi alikuja kupumua. Jamaa za wagonjwa walikuja kungojea. Muuza kahawa, ambaye zamani alikuwa akipita nje akigonganisha vikombe vyake, sasa aliingia na dele lake la kahawa, akalitua sakafuni na kuanza kutupa habari za mji. Ukimwuliza yeyote kilichomleta, alijibu kwamba amekuja kusalimia.

Sasa mtu akija kukusalimia utamfanyaje? Sisi watu wa Pwani hatujui kumwacha mgeni mlangoni. Tulikuwa na kiti kimoja kizuri, chenye mto wa sufi, na huyo mgeni tulimweka hapo. Kiti chenyewe tulikiweka upande wetu wa meza, kwa sababu kumkalisha mgeni ng'ambo ya meza ni kumfanya mshtakiwa. Kwa hivyo mgeni alikaa bega kwa bega nasi, akiburudika, kioo kikimtazama usoni.

Na neno la siri je? Fundi alimpa kila mtu lake, akasisitiza lisitajwe. Maskini, hakujua kwamba kwetu mtu akila peke yake husemwa. Baada ya muda mfupi tuligundua kwamba neno la Daktari ndilo linalofungua kila pahali, nalo lilikuwa jina la mamake. Basi tukalitumia sote. Muuguzi mgeni akisahau, alipaza sauti kutoka mwisho wa ukumbi, "Jamani, neno lenyewe ni lipi?" naye alijibiwa kwa sauti ya kuadhini, "Ni mamake Daktari!" na jina lenyewe likafuata. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walimjua bibi yule kwa jina kabla hawajamjua daktari mwenyewe.

Mzee Karisa alizitazama mashine zile kwa mbali. "Faili langu likifungwa limefungwa," alikuwa akisema. "Hii mliyoleta ni dirisha." Stima ikipotea, na ilikuwa ikipotea sana, alipanda ngazi yake huku akipiga mluzi.

Haikuchukua muda. Mama mmoja alikwenda Marikiti kununua ndizi, na muuzaji akamchagulia chane nzuri zaidi, akampa hongera ya mimba. Mama yule majibu yake alikuwa hajapewa. Alirudi hospitalini na kikapu chake akiwa ameghadhibika, na ana haki, akamwuliza Daktari imekuwaje tumbo lake lijulikane sokoni kabla ya kujulikana nyumbani kwake.

Daktari alituita sote. Akauliza nani amesema. Hakuna aliyesema. Tulipoifuata habari nyuma, tulifika kwa mchukuzi wa pale sokoni, kutoka kwa mchukuzi tukafika kwa muuza kahawa, na muuza kahawa akaapa kwamba hakuuliza kitu, alikuwa amekaa tu kwenye kiti tulichomkaribisha wenyewe. Alikuwa akisema kweli.

"Kiti hicho kitoke," akasema Daktari.

Tukamtazama sote kama aliyesema tuvunje mlango. Hata Mzee Karisa alitikisa kichwa. "Chumba kisicho na kiti cha mgeni, Daktari, ni chumba gani? Wacha kiti. Tugeuze meza."

Tukageuza meza, kioo kikaangalia ukuta, na kiti cha mgeni kikabaki ng'ambo ya pembe yake. Daktari akabadilisha neno lake, na kila mtu akarudishwa kwenye lake mwenyewe. Mimi nilimweleza mamangu shida yetu, naye akatufumia kitambaa cha kufunika kioo tukiwa tumeinuka kwenda kuswali au kula. Kilikuwa kitambaa kizuri cha maua, kama kile cha kufunikia redio nyumbani, na kila mtu alikisifu. Siku ya tatu Mzee Karisa alikiinua juu akanichungulia kupitia matundu yake. "Mishi," akasema, "mamako amekifunika au amekipamba?"

Sasa nifike kwa Salma.

Kwanza niwaambie kwamba Salma si jina lake, na mtaa wake sitautaja. Alikuwa mshoni, akija kila mwezi kuchukua vidonge. Maradhi gani? Nilijua mtauliza. Sisemi. Jueni tu kwamba ni maradhi yanayotulizwa na dawa, yasiyoambukiza, ila watu wanayaogopa kwa ujinga, na katika mji ule uvumi wake ulitosha kumweka msichana nyumbani mpaka uzee.

Asubuhi moja alikuja dirishani, vidonge ameshapewa, asiondoke.

"Dada Mishi," akasema kwa sauti ya chini, "nimeposwa."

Nikampa hongera. Hakuipokea.

"Yeye yuko Lamu kikazi, arudi mwezi ukiandama. Nataka kumwambia mwenyewe, kwa kinywa changu, mamangu akiwapo. Lakini shangaze ashaanza kupita kuuliza. Nimeskia atakuya huku."

"Na ukishamwambia, akikuacha?"

"Akiniata nishamwambia, atakuwa ameniata mimi, na mimi ntaridhika. Akiambiwa na shangaze, atakuwa ameyaata maradhi. Mimi hatanijua asilani." Akanishika mkono juu ya dirisha. "Nisitiri mpaka arudi. Ni hilo tu."

Sikumjibu kwa maneno ya Mzee Karisa. Nilimwambia, "Nenda mwanangu, Mungu atasitiri." Moyo uliniuma, kwa kuwa nilikuwa nimemwuliza Salma huyo shangazi ni nani, naye akanitajia.

Alikuwa Bi Shamsa. Nyinyi hamkumdiriki. Bi Shamsa alikuwa mwalimu wangu wa chuo. Kurani niliisomea ukumbini kwake, na kikoto chake cha kutuchapia nakijua vizuri kuliko ninavyoijua baadhi ya jamaa yangu. Hata nilipokuwa mtu mzima mwenye mshahara, nikimwona Bi Shamsa mbele ya duka nilikaza leso na kutazama chini. Mtu kama huyo humwambii hapa pana makaratasi tu. Angekufundisha upya adabu mbele za watu.

Akaja siku ya pili yake, buibui jeusi linang'aa, na sahani iliyofunikwa kitambaa. Harufu ya mahamri ya iliki iliingia kabla yake.

"Sabalkheri, mwanangu."

"Sabalkheri, mwalimu. Karibu, karibu kiti."

Akaketi. Akaniuliza hali yangu, ya mamangu, ya watoto wa dadangu mmoja mmoja kwa majina, ya paka. Mzee Karisa alipokea hamri moja, akapanda nalo ngazini, akajifanya anatafuta faili. Kumbe amepata pahali pa kutazamia.

"Huo ubaridi wanipiga ubavuni," akasema Bi Shamsa, akasogeza kiti kidogo.

Nikageuka kuweka sahani kabatini. Niliporudi, kiti kilikuwa kimetambaa tena.

"Na kule kwanipiga kitwani," akasema.

Nikaenda kumwita mtu aliyekuwa akigonga dirishani. Niliporudi kiti kilikuwa kimezunguka pembe ya meza, na Bi Shamsa ametoa miwani yake mkobani, anaipangusa kwa utaratibu. Kioo kilikuwa wazi. Bahati yake Salma kilikuwa kwenye orodha ya dawa za famasi, naye aliisoma orodha ile yote, Mungu amsamehe, kutoka dawa ya minyoo mpaka pamba.

Alipoona hamna kitu, akaja wazi. "Mwanangu, sitaki kukuzungusha. Ndugu yangu yuwataka kumuoza mwanawe. Yule kijana msichana mshoni, wamjua. Nimeskia huya hapa. Nifungulie nione tu, kisha ufunge. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mimi ni shangaze, nikinyamaa ntaulizwa kesho."

Nami sikuona ubaya wowote ndani yake. Alikuwa akifanya kazi ya shangazi kama inavyofanywa tangu enzi. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mtu mbaya.

Nikafikiri haraka. Nikisema Salma hayumo, nitamdanganya mwalimu wangu, na uongo wa Mombasa hauchukui siku mbili. Nikisema hapana, nimeshasema kila kitu, kwani mtu hafichi kikapu kitupu. Na juu ya ngazi Mzee Karisa ameacha kutafuna.

"Sawa, mwalimu," nikasema. "Nitakufungulia."

Nilimsikia Mzee Karisa akishika ngazi kwa nguvu.

"Lakini hii mashine haina mlango mmoja mmoja kama nyumba zetu. Nikiufungua kwa shangazi wa upande mmoja, nimeufungua kwa wa pande zote. Posa ina pande mbili. Kesho wa upande wa msichana nao watakuja na sahani yao, watataka kujua ukoo wanaoingia, na shangazi wa bwana harusi ni nani. Sasa basi, tuanze na lako, tuone watakachokiona."

Nikageuza kioo kikamwelekea. Nikaandika S. Nikaandika h. Siku zile mashine zilikuwa zikifikiri polepole, zikikwaruza ndani kama kuku, nami sikuiharakisha. Jina lake likatokea, maana naye alitibiwa kwetu, kijani kibichi. Chini yake umri.

Sasa, umri wa Bi Shamsa ulikuwa jambo kubwa katika mtaa wetu. Kwa maelezo yake alikuwa rika moja na mamangu, na mamangu alikuwa akisimulia, kwa kicheko kisichokwisha, kwamba Bi Shamsa ndiye aliyembeba yeye akiwa mtoto. Na chini ya umri yalifuata ya meno.

"Funga," akasema Bi Shamsa.

"Bado la meno, mwalimu."

"Mishi! Funga, mwanangu. Funga!"

Nikafunga. Juu ya ngazi hamri lilimpalia mtu. Bi Shamsa akavua miwani, akaitia mkobani. Nikakaa wima kama siku ya kusikilizwa juzuu. Nikasema, na sauti haikuwa ya mzaha tena, "Mwalimu, lako hili halijapata kutoka humu, na halitatoka nikiwapo. Hivyo hivyo kwa kila aliyemo na asiyekuwamo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba amana hairudishwi nusu."

Aliufunga mkoba wake. Kisha akaanza kucheka, akicheka mpaka buibui likamtetemeka mabegani, akajipangusa matozi.

"Laana wee," akasema. "Ningekutapa zaidi." Yaani angenichapa zaidi nilipokuwa chuoni, na nadhani alikuwa akimaanisha.

Akainuka. Kiti akakirudisha mwenyewe pahali pake, ng'ambo ya pembe, akakipiga mto. Sahani aliichukua, mahamri akatuachia. Mlangoni akageuka. "Huyo akirudi Lamu, ntamwambia amuulize mwenyewe mtoto wa watu. Mdomo anao."

Mzee Karisa akashuka. Nilimngoja anisifu. Akasema, "Neno langu lilikuwa fupi zaidi," akachukua hamri la pili.

Mwezi ukaandama. Kijana akarudi. Sikujua kilichosemwa, na sikuuliza, ingawa roho iliniwasha usiku na mchana. Kisha siku ya vidonge ikafika, na Salma akaja dirishani. Nyuma yake alisimama kijana mwembamba, shati la mikono mirefu, amekamata mkoba wa kike kana kwamba una mayai.

"Dada Mishi," Salma akasema, "huyu yuwataka kumwona Daktari. Yuwataka kuuliza aniangalie vipi. Nimempa ruhusa."

Niliwaandika kwenye foleni, nikarudi ndani, nikalia kwenye kiti cha mgeni. Nasema wazi, nililia kwa furaha, na kiyoyozi kikanikausha. Harusi nilialikwa. Bi Shamsa ndiye aliyeongoza vigelegele, akicheza kuliko wasichana, na mimi peke yangu ukumbini nilijua ni ajabu ya kiasi gani.

Mzee Karisa alistaafu akarudi Kaloleni. Mashine zimebadilika, herufi za kijani zimekwisha, neno la siri sasa lazima liwe na nambari na vikorokoro. Kiti kile kimeshonwa mto mara nyingi. Maneno yangu mawili nimeyafundisha kila aliyekuja baada yangu: meza iangalie ukuta, na shangazi akizidi, muanze na lake.

Sasa Neema, lililobaki unalijua, lakini wenzako hawalijui, na najua wewe hujawaambia kwa kuwa nilikufundisha mimi.

Mnakumbuka nilikuja mwezi uliopita kuwasalimia. Nilileta mahamri. Mlifurahi, mkasema Mama Mishi ametukumbuka. Ni kweli, niliwakumbuka. Lakini pia mwanangu wa mwisho amepata mchumba, msichana mzuri wa upande wa Makupa, mpole, anacheka vizuri. Na mimi, katika mwaka wangu wa mwisho kazini, nilimwona mara moja amekaa ukumbini kwenu akingoja kuitwa. Sikumjua wakati ule. Nilipomjua, sikulala.

Wenzako walitoka kwenda kula, tukabaki sisi wawili. Nilikuuliza hali yako, ya mamako kule Rabai, ya ndugu zako mmoja mmoja. Wewe ukijibu huku ukipiga kompyuta. Nikasema tu, kwa kupita, kuna msichana mmoja, jina lake nadhani mnalo humu, si kitu kikubwa. Hukusema hapana. Ulitabasamu, ukaweka vidole kwenye kibodi.

"Sawa, Mama," ukasema. "Nianze na lako?"

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nilikaa nikikutazama, nimeghadhibika, nimeona haya, na nina furaha ambayo siwezi kuieleza, yote kwa pamoja. Kisha nikateremsha macho. Miguu ya kiti ilikuwa imeipita pembe ya meza. Wallahi, Neema, sikumbuki nimekisogeza saa ngapi.

Harusi ni baada ya Idi, na nyote mmealikwa. Sahani yangu nimeshaipata, ahsante kwa kuiosha. Mkwe wangu akitaka kuniambia lake, ataniambia jikoni tukichambua mchele. Asipotaka, tutachambua mchele.